Picha ya maua ya Kijapani si kopi

Wengi wakisikia kwamba picha za maua za Hokusai, mchoraji wa Kijapani, zimechapwa kwa ubao uliochongwa, huuliza mchoro halisi uko wapi. Mara nyingi haupo. Mchoro ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mti wa cheri, mchongaji akapitisha kisu juu yake, ukaharibikia hapo hapo. Halisi ni zile karatasi zilizochapwa.

Wala Hokusai hakuzichonga mbao hizo mwenyewe, ingawa ujanani alijifunza kazi hiyo. Maua yake makubwa ya miaka ya 1830 yalipitia mikono ya mchongaji, mchapaji na mchapishaji aliyegharamia yote. Kila rangi kuu ilikuwa na ubao wake, na ustadi wa mchapaji ndio ulioifanya rangi itoke nzito hadi nyepesi kidogo kidogo kwenye karatasi.

Ubora huo wa uchapaji ndio wakusanyaji wa picha hizi wanaougombania. Chapa za mwanzo zina mistari mikali. Ubao ukichakaa, mistari hunenepa na kukatika. Rangi za mimea nazo hufifia mwangani, hivyo karatasi iliyofichwa kwenye droo huishinda bei ile iliyotundikwa ukutani miaka mingi. Na si zote za kale: Ohara Koson, msanii mwingine wa Kijapani, alitoa picha za ndege na maua hadi miaka ya 1930, na kwa macho yangu hashindwi na wazee kama Hokusai.