Kabla hamjachangishana kununua miwani inayosoma: neno kwa familia za wasioona

Tangu zianze kuzunguka kwenye simu video za miwani inayomsomea asiyeona gazeti, familia za wanafunzi wangu hapa Mtwara zinaniuliza: mwalimu, tununue? Kazi yangu ni kufundisha wasioona kutembea bila kushikwa mkono, na kila mara jibu langu huanzia mbali na miwani. Kwanza, macho yamepimwa? Mtoto wa jicho ndio chanzo kikubwa cha upofu duniani, na hutibika kwa upasuaji. Inaniuma kuona ukoo umechanga fedha za kifaa kwa ajili ya mzee ambaye hajawahi kufikishwa kliniki ya macho.

Akishapimwa, kifaa ninachopenda kuanza nacho ni mkanda wa mkononi unaomtahadharisha asiyeona kuwa kuna kitu mbele yake. Unavaliwa kama saa. Unatoa sauti ya masafa ya juu ambayo sikio la mtu haliisikii, mara nyingi kilohezi 40, yaani mitetemo 40,000 kwa sekunde. Sauti inagonga kilichoko mbele na kurudi, mkanda unapima muda. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio umbali wa mita 2 hurudisha mwangwi baada ya milisekunde kama 12. Kadiri kitu kinavyokaribia ndivyo mtetemo mkononi unavyozidi kuharakisha.

Faida yake iko juu ya kiuno. Fimbo nyeupe inaisoma ardhi vizuri mno, ila haijui kilicho usawa wa uso. Njoo mjini msimu wa korosho uone malori yalivyoegeshwa pembeni ya barabara. Bodi liko juu, fimbo inapita uvunguni bila kugusa kitu, na mwenye fimbo anakipokea chuma kwa paji la uso. Mkanda ungemshtua hatua mbili tatu kabla. Tawi la mwembe, bati la kibanda lililojitokeza, dirisha linalofungukia nje, vyote hivyo ni kazi ya mkanda.

Chini ya kiuno hauna msaada. Mtaro wa maji ya mvua ni uwazi, na kwa mkanda uwazi maana yake njia nyeupe, pita. Mitaro yetu mingi haina mifuniko. Ndiyo maana simvishi mtu mkanda kabla hajaimudu fimbo: kuizungusha kwa upana wa mabega, ncha iguse kushoto wakati mguu wa kulia unakwenda mbele, na kinyume chake. Mtindo huo uliwekwa sawa na Mmarekani Richard Hoover alipokuwa akifundisha askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Pili, na mpaka leo ndio ninaoufundisha.

Binti mmoja ninayemfundisha maeneo ya Chikongola, akiwa amevaa mkanda, aliingia usoni kwenye kanga mbichi zilizoanikwa kwenye kamba uchochoroni.

"Mwalimu, mbona kimenyamaza?"

Nikamwambia aelekeze mkono kwenye ukuta wa matofali ulio pembeni. Mkanda ukatetemeka. Akaurudisha kwenye kanga: kimya. Kitambaa laini hunywa sauti, mwangwi unaobaki ni hafifu. Akarudia mwenyewe, ukuta, kanga, ukuta, mpaka akasema, "Basi hiki kinajua ukuta, nguo hakizijui." Somo lile sikuwa na la kuongeza. Jambo kama hilo hutokea pia kwa kitu chenye uso wa kuteleza kilichokaa mshazari, kama kioo cha mbele cha gari, kwa sababu sauti inateleza kwenda upande mwingine badala ya kurudi.

Sasa miwani. Kamera ndogo inapiga picha ya maandishi, programu inayatambua na sauti inayasoma. OrCam MyEye, kwa mfano, ina uzito wa gramu 20 na ushee na hunasa kwa sumaku kwenye fremu ya miwani ya kawaida. Inafanya kazi nzuri, lakini bei yake imekuwa maelfu ya dola. Muulizeni muuzaji kama inasoma Kiswahili kwa sauti ya Kiswahili, na kama inasoma bila intaneti. Mkiona inaziba sikio, iacheni. Asiyeona anavuka barabara kwa masikio, na bodaboda haimsubiri mtu.

Kwa kusoma, wengi nawaanzishia simu janja iliyoning'inizwa kifuani kwa kamba, kamera ikitazama mbele. Simu za Android nyingi tayari zina TalkBack, programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, na Google wana sauti ya Kiswahili. Be My Eyes, iliyozinduliwa mwaka 2015 na Mdenishi Hans Jørgen Wiberg ambaye mwenyewe ana uoni hafifu, ni ya bure: mtu wa kujitolea anatazama kupitia kamera yako na kukwambia kilichopo. Gharama ni bando.

Jambo la mwisho la kuuliza ni nani atakitengeneza kifaa kikiharibika. Kampuni ya Second Sight ya Marekani iliwawekea watu zaidi ya 350 kifaa cha Argus II ndani ya jicho ili waone japo kidogo, kikifanya kazi pamoja na miwani yenye kamera. Kilipata kibali cha Marekani mwaka 2013. Kampuni ilipoyumba, msaada ukakatika, na watu wakabaki na mtambo jichoni usio na fundi. Kifaa kikichajiwa kwa waya wa kawaida wa simu, na betri yake fundi wa sokoni akiweza kuibadilisha, hapo huwa nawaambia wachange.