Themostati Sio Pambo: Nchi ya Joto Haihusiani

Wiki hii pekee huyu ni mtu wa nne. Kijana kaja na Toyota Mark II yake, toleo la JZX100, nje iko safi, rangi inang'aa, rimu za maana, kafungua boneti kwa furaha kabisa afu ananiambia, "Kaka, hii haina shida ya joto, fundi alishatoa themostati, si unajua huku kwetu nchi ya joto, haina kazi." Nikaweka spana chini. Hili swali la kutoa themostati, yaani ile vali inayozuia au kuruhusu maji ya injini yaende kupoa, nimelijibu kwa mdomo mpaka koo limekauka, kwa hiyo leo naandika, na atakayekuja tena namtumia asome kwanza ndo tuongee.

Mimi nina Chaser ya 1998, ndugu yake huyo Mark II, injini 1JZ-GE, silinda sita za mstari, cc 2491. Naitengeneza mwenyewe uani nyumbani Kimara, na nimeshashika nyingi za wenzangu wenye ugonjwa huu huu wa magari ya zamani. Haya ni magari ya kati ya 1996 na 2001, yaani changa kuliko yote linakaribia robo karne. Kila mpira, kila raba, kila chuma kinachoguswa na maji kimeshachoka, na ndo maana mfumo wa kupooza unaua injini za JZ nyingi kuliko resi.

Haya, nchi ya joto. Dar mwezi wa kwanza mchana ni nyuzi 32, 33. Mafinga mwezi wa saba alfajiri ni baridi ya kuvaa koti zito. Sasa injini yenyewe inataka maji yawe nyuzi 80 na kitu mpaka 90, iwe Tanga iwe Makete. Kwa hiyo hata hilo joto la Dar unaloliogopa, kwa injini bado ni baridi, inatakiwa ipande nyuzi 50 zaidi ndo ianze kufanya kazi ilivyokusudiwa. Hakuna nchi duniani yenye joto la kutosha kuchukua kazi ya themostati. Hii hoja ife leo.

Kinachoniumiza sio hapo tu. Kinachoniumiza ni kwamba hata wanaotetea themostati wanaitetea kwa sababu ya uongo. Utasikia, "Usiitoe bana, maji yatapita haraka sana kwenye rejeta hayatapata muda wa kupoa." Hapana jamani. Maji yanazunguka, hayapiti mara moja yakaenda zake. Yakipita haraka yanakaa muda mfupi kwa kila mzunguko lakini yanarudi mara nyingi zaidi, na rejeta inapitishiwa maji ya moto zaidi kuanzia juu mpaka chini, kwa hiyo inatoa joto zaidi, haipungui. Ukimwambia fundi hoja hii ya muda wa kupoa, na yeye ameshatoa themostati mia na gari zimetembea, atakuona hujui kitu, na kwa hapo atakuwa na haki.

Sababu yenyewe ni baipasi. Naomba hapa tuende taratibu maana ndo penye mambo yote.

Pampu inasukuma maji kwenye bloku, ule mwili wa injini, yanapanda kwenye hedi, kile kichwa chake cha juu, yanatokea mbele yakiwa ya moto. Pale yana njia mbili. Moja ni mpira wa juu, yanaenda rejeta kupoa. Nyingine ni njia fupi, baipasi, inayarudisha kwenye pampu bila kuigusa rejeta. Na kwenye JZ themostati haiko kwenye mpira wa juu kama wengi wanavyodhani, iko kwenye mpira wa chini, pale maji yanaporudi kutoka rejeta. Sasa ichukue mkononi uiangalie vizuri. Juu kuna vali kubwa, katikati kuna kikopo cha shaba chenye nta ndani, afu chini kabisa, watu wengi hawaioni, kuna sahani ndogo ya duara yenye springi yake. Hiyo sahani ndo kila kitu. Injini ikiwa baridi vali kubwa imefunga na sahani iko mbali na tundu la baipasi, maji yanazunguka njia fupi yapate joto haraka. Nta ikipata moto inavimba, inasukuma, vali kubwa inafunguka na wakati huohuo sahani ya chini inashuka kwenda kuziba tundu la baipasi. Ikifunguka mwisho, tundu limezibwa na maji yote yanalazimika kupita rejeta.

Umeshaona? Themostati haifungui tu, inafunga pia. Ukiitoa, tundu la baipasi linabaki wazi siku zote za maisha ya hiyo gari. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoa hata kidogo, na maji yanapenda njia fupi. Toyota wenyewe kwenye vitabu vyao vya ufundi vya injini za namna hii wameandika wazi, hata kama injini inachemsha usitoe themostati, upoozaji unapungua. Wao walioichora wamesema hivyo, bado mtu anaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Hili limenipata mwenyewe. Nilivyoinunua hii Chaser sikujua kama haina kitu ndani. Nikafunga geji ya digitali, sensa yake kwenye mpira wa juu, afu nikaanza safari ya Iringa saa kumi alfajiri. Kati ya Chalinze na Morogoro, barabara tambarare, upepo wa asubuhi, geji inasoma 61, 63, haipandi, na gari haitaki kuingia ovadraivu, ile gia ya juu kabisa, vizuri, inavuta mafuta kama lori. Nikasema labda geji mbovu. Tumepita Mikumi, tumepita Ruaha Mbuyuni, tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya malori mawili, mwendo wa mtu kutembea, jua la mchana. 88. 95. 101. 107. Nikawasha hita mpaka mwisho, madirisha wazi, mke wangu kashika chupa ya maji ya baridi shingoni. Gari hiyohiyo, siku hiyohiyo, asubuhi baridi kupita kiasi na mchana inataka kuchemsha. Niliporudi nikafungua kile kifuniko cha mpira wa chini, nati za 10 tu, ndani peupe, wameacha raba peke yake imepakwa silikoni pande zote. Nikaweka themostati mpya ya 82, yaani inayoanza kufunguka nyuzi 82, sikubadilisha kitu kingine chochote, na safari iliyofuata mlima ule ule geji haikuvuka 96.

Sasa niwatendee haki mafundi, maana hawakuliota hili. Kwenye magari mengi ya zamani ya kabureta themostati ilikuwa upande wa juu na baipasi ni kampira kembamba kasikozibwa na kitu. Ukiitoa ile, gari inapoa zaidi, inakunywa mafuta zaidi, basi, haichemshi. Fundi aliyejifunza kwa mzee wake kwenye magari yale aliona kwa macho yake kwamba inafaa. Kosa ni kuhamisha dawa ya gari lile kwenye gari hili.

Kuna pia sababu nyingine inayofanya ionekane inasaidia. Rejeta imeziba nusu kwa kutu na chokaa ya maji ya kisima, gari inachemsha, fundi anatoa themostati, maji yanapita mengi zaidi kwenye zile njia chache zilizobaki, geji inashuka kidogo. Mteja anafurahi. Ugonjwa bado uko ndani, na siku ya mzigo na mlima utasimama. Hapo ndo utasikia gasketi imeungua, hedi ikaskimiwe, yaani ikachongwe inyooke tena. Bloku ya JZ ni chuma, hedi ni aluminiamu, aluminiamu ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo hedi ndo inayopinda.

Na injini ya baridi nayo inaumia, watu wanadhani baridi ni salama. Kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, inasoma sensa ya maji, ikiona baridi inaongeza petroli muda wote, kama injini imewashwa sasa hivi. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda na inashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Unyevu hauchemki ukatoka, ndo yale maziwa ya kahawia chini ya mfuniko wa oili. Gia ya otomatiki nayo inazuiwa ovadraivu na lokapu, yaani kujifunga isiteleze, mpaka maji yapate joto. Halafu mtu anabadilisha plagi, anabadilisha sensa ya oksijeni, anaosha nozeli, pesa zinaisha, kumbe kinachokosekana ni kichuma kinachoenea kwenye kiganja.

Feni kufungwa dairekti, izunguke na injini muda wote, ni ndugu wa ujinga huu huu, sitaki kurefusha. Za JZX ni feni za klachi, zinazoshika zaidi joto likipanda, gari ikiwa ya moto zima injini, izungushe kwa mkono, ikizunguka kama pangaboi klachi imekufa, badilisha. Mfuniko wa rejeta nao ni spea, sio kizibo. Wa presha ya baa 0.9 unaofanya kazi unafanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 118, ukifa springi maji yanachemka 100, na Arusha kule juu yanachemka kama 95. Mfuniko, watu wangu. Kitu cha kwanza kabisa.

Kupima themostati nyumbani, hata hiyo mpya. Sufuria, maji, kipimajoto cha jikoni, uzi. Itundike isiguse chini ya sufuria, maana chini kuna moto zaidi utadanganyika. Washa moto mdogo. Ya 82 inatakiwa ianze kuachia kati ya 80 na 84, utaona kimstari cheusi pembeni ya vali, na kama uliubana uzi pale kwenye vali wakati imefunga, itaanguka yenyewe. Endelea mpaka 95, iwe imeinuka milimita 8 au zaidi. Itoe, iache ipoe, ifunge yote. Nimeshakuta mpya kabisa kwenye boksi zuri inaanza kufunguka 90. Wakati wa kufunga kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu, ndo hewa inapotokea. Na kabla hujatukana sensa ya maji, ipime kwa mita: nyuzi 20 isome kiloomu 2 mpaka 3, nyuzi 80 isome 0.2 mpaka 0.4.

Kuna sehemu mimi mwenyewe bado nasitasita. Zile themostati za watu wa resi za Japani zinazofunguka mapema, 70 na kitu. Akili inaniambia hazimsaidii mtu mwenye rejeta mbovu, zinabadilisha pa kuanzia tu. Lakini nikikumbuka foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni, gari ya miaka hii, mipira ya miaka hii, natamani hizo nyuzi kumi za akiba. Nimeshainunua moja, iko kabatini, sijaifunga. Nyingine ni kufulashi rejeta ya zamani kwa dawa. Kitabu kinasema safisha. Mimi nimesafisha tatu, moja ikaanza kuvuja jioni ileile, maana kutu ndo ilikuwa imeziba matundu. Sasa hivi rejeta ya asili ikiwa bado haivuji nasafisha kwa maji matupu tu na kuweka kulanti mpya, yale maji ya dawa ya kupooza injini, na sina uhakika kama ni busara au ni woga.

Ikikukwamia njiani, imekwama imefunga, uko Sekenke peke yako, itoe, washa hita, nenda taratibu mpaka nyumbani. Hiyo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kuiacha hivyo miaka.

Yule kijana nilimwambia, "Mdogo wangu, njoo Jumamosi na 82 mpya na galoni mbili za kulanti, maji ya bomba acha nyumbani." Alikuja. Tukachemsha themostati jikoni kwangu, akashika uzi mwenyewe, ikaachia 82 kamili, akapiga kelele mpaka mama watoto akaja kuangalia. Tulipofungua kifuniko, kwenye ukingo wa pampu kulikuwa na kutu nyekundu nene kama uji wa ulezi, na geji baada ya kufunga ilisimama 86 ikiwa silensa, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, ila niliposhika rejeta kwa mkono, upande mmoja wa moto, upande mwingine wa baridi. Kwa hiyo Jumamosi ijayo tunaishusha rejeta.