Hayo Yameandikwa Wapi?

Mwezi wa nne, masika yamekolea, tulimzika mama mmoja wa usharika wetu. Kichanga chake tulikilaza kifuani mwake, katika jeneza hilo hilo. Mama mkwe wake alishika kadi ya kliniki tangu ibada inaanza mpaka tunafukia. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena, hadi ikalainika kama kitambaa. Nilipofika kwenye neno la faraja nikasema nililozoea kusema: "Kazi ya Mungu haina makosa." Watu wakaitika amina. Bibi yule hakuitika. Alinitazama tu.

Usiku ule nikafungua Biblia kuutafuta msemo huo. Haumo. Tangu hapo kila ninapousikia usemi unaotajwa kama neno la Mungu najiuliza umeandikwa wapi, na nimekuta mingine haimo kabisa, mingine imo lakini imekatwa kichwa au mkia. Hapa nataja ile ambayo nimeona ikiumiza watu.

Dhana: "Kazi ya Mungu haina makosa," kwa hiyo kila kifo amekipanga yeye

Andiko lililo karibu zaidi na msemo huu ni Kumbukumbu la Torati 32:4, Musa anapoimba kwamba kazi ya Mwamba ni kamilifu na njia zake zote ni haki. Tukiishia hapo, msemo unaonekana kuwa na mizizi. Lakini mstari wa 5 unawageukia watu na kusema ndio waliotenda uharibifu. Yaani Musa anamtaja Mungu asiye na makosa ili makosa yarudi kwa wenyewe. Sisi tumeugeuza wimbo wake, tunamtwika Mungu ya kwetu.

Angalieni Ziwa Victoria. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao ni 228. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaijua, na haina siri yoyote ya mbinguni ndani yake. Miaka 22 kabla yake, Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, nayo ikiwa imejaza kupita kiasi. Kama baada ya msiba wa kwanza tulisema ni mapenzi ya Mungu tukarudi nyumbani, nani angehesabu abiria wa safari iliyofuata?

Na akina mama wanaofia uzazini, ndiko alikokuwa ananitazamia yule bibi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta Tanzania inapoteza akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukakuta 104. Mungu hakubadilika kati ya miaka hiyo. Kilichobadilika ni kazi ya binadamu: vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji, damu salama, dawa ya kuzuia kutoka damu, mkunga anayepima presha na kushtuka mapema. Kila tarakimu iliyopungua hapo ni mama aliyerudi nyumbani, na kama tungekuwa tunasema kweli pale makaburini, tungesema hata hao 104 wana majina na wana sababu.

Yesu aliletewa jambo la namna hii. Katika Luka 13 anautaja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu kumi na wanane, na anakataa katakata kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wengine. Kwenye kaburi la Lazaro hakuhubiri kwanza. Yohana 11:35 inasema alilia machozi.

Mtu ataniambia: mchungaji, mbona Ayubu alisema "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa"? Ni kweli, alisema. Ila aliyesema ni mfiwa mwenyewe, ameanguka chini, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuambiwa na mgeni aliyekuja kula wali wa matanga. Rafiki zake waliokuja kumweleza sababu za msiba wake walikemewa na Mungu katika sura ya 42, na Ayubu aliyelalamika sura baada ya sura akahesabiwa kuwa ndiye aliyenena yaliyo sawa. Mfiwa akilisema neno hilo kwa kinywa chake, mimi nainamisha kichwa. Mimi kumsemea, hapana.

Dhana: "Msiwaguse masihi wangu," kwa hiyo mtumishi wa Mungu haulizwi

Hili limeandikwa, Zaburi 105:15. Lakini someni kuanzia mstari wa 9. Wanaotajwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni, wakihama taifa hadi taifa bila ardhi, na wanaokemewa ni wafalme. Andiko linamlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Leo linashikwa na mwenye kipaza sauti, dhidi ya mama wa nyuma kabisa aliyethubutu kuuliza sadaka ya ujenzi imekwenda wapi.

Daudi alikuwa masihi kwelikweli, alipakwa mafuta na Samweli, na bado Nathani alimwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo." Paulo alimpinga Petro mbele ya watu kule Antiokia. Watu wa Beroya walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyohubiri Paulo ndivyo yalivyo.

Februari 1, 2020, watu 20 walikufa katika uwanja wa Majengo, Moshi, wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini, wengi wao waliofunga kula ili wakamwone Yesu, na watoto walikuwa miongoni mwao. Ninapofikiria watoto hao sina subira tena na andiko hili likitumiwa kuziba midomo. Muumini anayeuliza anamtunza mchungaji wake. Naomba washarika wangu waniulize.

Dhana: "Sauti ya wengi ni sauti ya Mungu"

Hii husikika zaidi msimu wa kampeni, na wako watakaoapa kwamba ni Mithali. Si Mithali. Ni usemi wa Kilatini, na mwanazuoni Alcuin, aliyezaliwa Uingereza, alimwandikia mfalme Charlemagne mwaka 798 hivi akimwonya asiwasikilize wanaousema, kwa kuwa ghasia za umati ziko karibu na wazimu.

Biblia yenyewe inazitenganisha sauti hizo mbili. Katika 1 Samweli 8 watu wanadai mfalme. Mungu anamwambia Samweli awasikilize, na papo hapo anasema wamemkataa yeye. Katika 1 Wafalme 22 manabii wapatao 400 wanamwambia mfalme Ahabu apande vitani atashinda, na Mikaya mwana wa Imla, peke yake, anasema atashindwa. Ahabu hakurudi mzima.

Simaanishi kura hazina maana. Kura ihesabiwe kwa uaminifu kwa sababu ni sauti ya watu, na hiyo ni heshima ya kutosha. Aliyeshinda amepewa kazi na wananchi, na wananchi wanaweza kumuuliza.

Dhana: "Jisaidie nami nitakusaidia"

Haimo popote, Agano la Kale wala Jipya. Inafanana na hadithi ya Esopo ya mwenye mkokoteni uliokwama matopeni, aliyemlilia Herakle, shujaa wa hadithi za Wayunani, akaambiwa asukume kwanza. Warumi 5:6 inasema kinyume chake: Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa hatuna nguvu.

Ningepita haraka hapa, ila siwezi. Wiki mbili baada ya mazishi nilirudi kwa ile familia. Mume aliniambia kwamba uchungu ulipoanza usiku na mvua imekata barabara, alikuwa na shilingi elfu nane, na dereva alitaka thelathini. Nikamuuliza kwa nini hakubisha hodi kwangu, nyumba ya mchungaji iko njiani. Akanijibu kwa upole, bila lawama, kwamba Jumapili iliyotangulia nilihubiri Mungu humsaidia anayejisaidia, naye akaona aibu kuja mikono mitupu. Akangoja kupambazuke akope kwa kaka yake.

Sasa fungu la kila Jumapili ya kwanza ya mwezi linakwenda kwenye nauli ya wajawazito. Namba za madereva wawili, pamoja na yangu, zimebandikwa mlangoni mwa kanisa na kwenye duka la njia panda. Anayepiga haulizwi ana shilingi ngapi. Yule bibi ndiye aliyeomba kutunza daftari la mfuko huo, na ndani ya jalada lake ameiweka ile kadi ya kliniki.