Mstari ukilala, kasi haijafa: dhana potofu kuhusu sabstreti na vimeng'enya

Karibu kila mwanafunzi wa biolojia ameichora grafu hii. Kasi ya mmenyuko unaochochewa na kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko wa kikemia) iko kwenye mhimili wima, ukolezi wa sabstreti (dutu ambayo kimeng'enya huibadili) uko kwenye mhimili mlalo, na mstari unapanda kwa nguvu, unapinda, kisha unalala. Kuichora ni rahisi. Ugumu uko kwenye kuisoma, na makosa ya kuisoma hayaishii darasani: yanafika baa, yanafika barabarani, yanafika hata kwenye vidonge vya mgonjwa wa kifafa.

“Sabstreti ikiongezeka maradufu, kasi nayo huongezeka maradufu”

Ni kweli mwanzoni tu, wakati sabstreti ni haba na sehemu tendaji nyingi za vimeng'enya, yaani pale vinaposhika sabstreti, ziko wazi. Mwaka 1902 Adrian Brown, mtaalamu wa sayansi ya utengenezaji bia huko Birmingham, alionyesha kwamba sukari ikishakuwa nyingi, kuiongeza zaidi hakubadilishi kasi ya kuvunjwa kwake. Mwaka 1913, mjini Berlin, Leonor Michaelis na Maud Menten, daktari kutoka Kanada, walipima jinsi invatesi, kimeng'enya cha hamira, inavyoigawa sukari ya miwa kuwa glukosi na fruktosi, wakaiweka tabia hiyo katika mlinganyo unaotumika hadi leo:

kasi = Vmax × S ÷ (Km + S)

S ni ukolezi wa sabstreti, Vmax ni kasi ya juu kabisa, na Km ni ukolezi wa sabstreti unaotoa nusu ya kasi hiyo. Ukiweka S sawa na Km, unapata nusu ya Vmax. Ukitaka asilimia 90, S lazima iwe mara 9 ya Km. Ukitaka asilimia 99, iwe mara 99. Yaani kila hatua ya juu inadai sabstreti nyingi zaidi kuliko iliyotangulia, na Vmax yenyewe hukaribiwa tu, haifikiwi. Vipo hata vimeng'enya ambavyo kasi yake hushuka sabstreti ikizidi mno, na invatesi ni kimojawapo.

“Mstari ukilala, mmenyuko umesimama”

Kwangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu linageuza maana ya grafu nzima. Pale mstari unapolala, mmenyuko unakwenda mbio kuliko mahali pengine popote kwenye grafu. Kilichosimama ni ongezeko la kasi.

Chanzo cha kuchanganyikiwa ni kwamba zipo grafu mbili zenye sura moja. Ya kwanza huonyesha kiasi cha zao, yaani kile kinachotengenezwa na mmenyuko, dhidi ya muda. Humo, kwa kawaida mstari ukilala maana yake sabstreti imekwisha na zao jipya halitengenezwi. Ya pili huonyesha kasi dhidi ya ukolezi wa sabstreti. Humo, mstari ukilala maana yake sabstreti imejaa tele na vimeng'enya vyote viko kazini. Maumbo ni yale yale, habari ni kinyume kabisa. Kabla ya kuandika neno lolote kuhusu grafu, soma kwanza maandishi ya mihimili.

Jaribio tunalolipenda shuleni linaongeza utata. Kipande cha ini bichi kinatiwa kwenye haidrojeni peroksaidi, katalesi, kimeng'enya kilichomo kwenye ini, inaivunja kuwa maji na oksijeni, povu linapanda, na wanafunzi wanapima urefu wa povu kwa rula baada ya dakika kadhaa. Urefu huo haupimi kasi. Unapima jumla ya oksijeni iliyotoka, na peroksaidi yenye ukolezi mkubwa itatoa oksijeni nyingi hata kama ingevunjwa polepole. Ndiyo maana matokeo mengi hupanda karibu kama mstari ulionyooka, na mwanafunzi anaambiwa amekosea.

Anayetaka kasi apime ujazo wa oksijeni katika sekunde 30 za mwanzo, kabla sabstreti haijapungua, na atumie ini kidogo sana. Hata hivyo asishangae mstari ukigoma kulala. Katalesi haijai kwa urahisi, yaani si rahisi kuifikisha pale ambapo sehemu tendaji zake zote ziko kazini, na peroksaidi kali huiharibu yenyewe. Ni kimeng'enya kizuri cha kuonyesha povu, si kizuri cha kuonyesha Vmax.

“Kasi haipandi tena kwa sababu vimeng'enya vimekwisha”

Kimeng'enya hakiliwi na mmenyuko. Kinaishika sabstreti, kinaibadili, kinaachia zao, kinarudi kazini. Molekuli moja ya katalesi huweza kuvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde. Sabstreti ikiwa tele, kinachobana ni muda ambao kila kimeng'enya kinahitaji kumaliza mzunguko wake. Ongeza vimeng'enya maradufu, Vmax itaongezeka maradufu. Km haitasogea.

“Km ndogo ina maana kimeng'enya kina kasi”

Km si kasi. Ni ukolezi wa sabstreti unaokipa kimeng'enya nusu ya Vmax, na faida yake inaonekana ukilinganisha vimeng'enya viwili vinavyofanya kazi ile ile. Heksokinesi ya ubongo ina Km ya glukosi isiyofika hata milimoli 0.2 kwa lita, ilhali damu ya mtu mwenye afya ina takribani milimoli 5. Kwa hiyo hufanya kazi karibu na Vmax muda wote, na kushuka kidogo kwa sukari ukiwa na njaa hakuiyumbishi. Glukokinesi ya ini hufika nusu ya kasi kwenye milimoli 8 hivi, na hiyo ndiyo inayoliwezesha ini kuongeza kasi ya kuchukua sukari baada ya mlo. Km yake kubwa si udhaifu.

“Kahawa na maji baridi vitaiondoa pombe haraka”

Alkoholi dihaidrojenesi, kimeng'enya kikuu cha ini kinachovunja pombe, hujaa mapema, hata pombe ikiwa kidogo kwenye damu. Tangu hapo pombe huondoka kwa kiasi kile kile kila saa, takribani gramu 7 hadi 10 kwa mtu mzima wa wastani, ingawa watu hutofautiana. Bia ya mililita 500 yenye pombe asilimia 5 ina gramu 20 hivi. Chupa moja, basi, ni kazi ya saa mbili hadi tatu. Aliyekunywa sita na kumaliza saa sita usiku anaweza kushika usukani saa kumi na mbili asubuhi bado akiwa na pombe mwilini. Kahawa humwondolea usingizi tu.

“Kidonge nusu zaidi hakina madhara”

Kwa dawa nyingi, dozi ikipanda kidogo, kiwango kwenye damu hupanda kidogo. Fenitoini, dawa ya kifafa, haifuati utaratibu huo, kwa kuwa dozi za kawaida za matibabu hukifikisha kimeng'enya cha ini karibu na kujaa. Chukua makadirio ya kawaida ya vitabuni kwa mtu wa kilo 60: ini lake huweza kuondoa miligramu zisizozidi 420 kwa siku, na Km ni miligramu 4 kwa lita. Akimeza miligramu 300 kila siku, damu hutulia kwenye miligramu 10 kwa lita. Akimeza 350, hufika 20, ambayo ndiyo mpaka wa juu wa kiwango kinachotakiwa. Akimeza 400, hesabu inatoa 80, na hiyo ni sumu.

Kwa sababu hiyo daktari huipandisha fenitoini kwa hatua ndogo, na inapowezekana hupima kiwango chake kwenye damu. Mgonjwa akianza kuyumba anapotembea, kuona vitu viwiliviwili au macho kuchezacheza, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asiiache dawa ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe, maana kuikatiza huweza kuleta kifafa kisichokatika.