Wakopti hawakujifungia nyumbani 2011
Hapa Kisumu, ambako wengi wanaijua hospitali ya Wakopti, Wakristo wa asili ya Misri, kule Maseno, bado husemwa kwamba mwaka 2011 Wakristo hao huko Misri walijifungia nyumbani watu walipoandamana kumwondoa Rais Hosni Mubarak, eti kwa kumpenda. Si kweli. Papa Shenouda III, kiongozi wa kanisa lao la Kikopti, ndiye aliyewasihi wasiandamane. Vijana wengi walienda hata hivyo kwenye Uwanja wa Tahrir, Cairo, kitovu cha maandamano, na wengine wakashikana mikono kuwazunguka Waislamu waliokuwa wakiswali, wasije wakashambuliwa. Sababu walikuwa nayo, tena nzito: kujenga kanisa jipya kulihitaji amri ya rais, msikiti haukuhitaji. Walitaka uraia kamili, si upendeleo. Tarehe 9 Oktoba waliandamana Maspero, Cairo, baada ya kanisa kushambuliwa mkoani Aswan. Zaidi ya 20 waliuawa, baadhi wakikanyagwa na magari ya jeshi.