Nakala ya pasipoti hailindi pesa yako

Wengi huamini kwamba mwenye nyumba ya likizo akishatuma mkataba uliosainiwa na nakala ya pasipoti, kumlipa moja kwa moja benki ni salama. Si kweli. Pasipoti hiyo huenda ni ya mgeni mwingine aliyetapeliwa kabla yako, akaombwa aitume "kwa uhakiki".

Kinacholinda pesa ni njia inayopitia. Ukishatuma kwa benki, kuirudisha ni kazi ngumu, maana tapeli huitoa mapema. Ukilipa kwa kadi ya mkopo, unaweza kuyapinga malipo kupitia benki yako. Airbnb, mtandao wa kukodisha nyumba za likizo, nayo huzishikilia pesa hadi takriban saa 24 baada ya muda wa mgeni kuingia. Ndiyo maana tapeli hukuvuta nje ya mtandao huo: "Tumalizane huku WhatsApp, nitakupunguzia." Ukiona ujumbe wa hivyo, achana naye kabisa. Na kwa PayPal, huduma ya kulipa mtandaoni, ukituma kama kwa rafiki au ndugu, ulinzi wa mnunuzi haupo.

Wapo wenye nyumba waaminifu wasiopokea kadi, nakubali. Kwa hao, tanguliza kiasi ambacho hakitakuumiza kikipotea, salio ulitoe ukishafunguliwa mlango.