Vijana na miti Dodoma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Dodoma ni jangwa, vijana wanaohangaika na miti wanapoteza muda.

Dodoma si jangwa. Ni nchi ya nusu-ukame yenye msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hunyesha kama milimita 500 hadi 600. Miti ilikuwepo, ikaisha kwa mkaa, kuni na mashamba. Mwenye shaka aende Kondoa. Makorongo yalikula ardhi huko mpaka serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Uoto ukarudi. Wafugaji waliumia kwa uamuzi ule, na ni haki lisemwe, ila ardhi ilionyesha kwamba ikipumzishwa inapona.

Dhana: Kijana anayejali mazingira hupanda miche.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana nguvu nyingi za vijana huishia hapo. Miche inashushwa kwenye gari, inapandwa, picha zinapigwa, watu wanaondoka. Mvua ikikatika Mei, mche usio na mtu wa kuumwagilia una miezi saba ya kiangazi mbele yake. Wengi hawavuki.

Wakati huohuo, shambani kwa mzee jirani kuna visiki ambavyo havijafa. Mizizi yake iko chini kabisa, kwenye unyevu, na kila mwaka vinachipua kama kichaka, kisha mbuzi wanakula au jembe linapita. Njia iitwayo kisiki hai ni kazi ya kuviokoa hivyo. Unachagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye afya, unakata mengine, unapogoa matawi ya chini bila kuvuka nusu ya urefu, halafu unafunga kitambaa ili kila apitaye ajue mti huu una mwenyewe. Baada ya hapo ni kurudi na kurudi, kwa sababu kisiki hakiachi kuchipua. Matawi yaliyokatwa ni kuni za nyumbani.

Kupanda kuna mahali pake: shuleni, zahanati, uani, popote penye mtu wa kumwagilia.

Dhana: Bila mfadhili hakuna kitu.

Panga kali na kitambaa chakavu vinatosha kuanza. Shirika la LEAD Foundation la Mpwapwa limeeneza kisiki hai vijijini kwa mafunzo, na aliyefundishwa anamwonyesha jirani yake papo hapo shambani.

Dhana: Wanaojitolea ni waliokosa kazi.

Si kweli, na inavunja moyo. Wapo wanafunzi, mafundi, bodaboda na wakulima wanaotoa asubuhi moja ya Jumamosi.

Dhana: Mambo ya kijiji ni ya wazee, kijana asubiri kutumwa.

Heshima kwa wazee ibaki palepale. Lakini kisheria, kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Hapo ndipo habari ya mbuzi wanaomaliza machipukizi inapotakiwa kufika, kwa sababu sheria ndogo ya malisho huanzia kijijini, na kitambaa peke yake hakimzuii mbuzi. Wanaookoa visiki waende mkutanoni kwa pamoja, wamwone mwenyekiti mapema ili hoja iingie kwenye ajenda, na wawaalike wafugaji kabla ya kufika huko, wakubaliane kwanza njia za kupitishia mifugo.